Nani Mwenye Masafa? Bendi ya FM Uganda na Rwanda Tangu Mpango wa Geneva wa 1984

Utangulizi

Mwanahistoria wa redio katika eneo letu hawezi kuuruka mwaka 1993. Mwezi Julai mwaka huo kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo jijini Kigali. Mwezi Desemba, jijini Kampala, Radio Sanyu na Capital Radio zikaingia hewani. Vituo hivi vitatu vilikuwa vya watu binafsi. Vyote vilivunja ukiritimba wa redio ya taifa, vyote vilitumia FM, na vyote vilisikika katika bendi ileile ya VHF, ambayo nafasi zake zilikuwa zimepangwa katika mkutano mmoja wa kimataifa uliomalizika Geneva miaka tisa kabla. Kampala ilipata muziki, simu za wasikilizaji na matangazo ya biashara. Kigali ilipata redio iliyosaidia kuua.

Insha hii inauliza: ikiwa kanuni za kugawa masafa zilikuwa zilezile, kwa nini matokeo yalitofautiana kiasi hicho? Hoja yangu ni kwamba kanuni hizo zilitungwa kujibu swali moja tu, yaani kama kituo fulani kitasikika bila kumvuruga jirani. Swali la pili, la nani apewe sauti na nani awe na uwezo wa kuizima, liliachiwa kila dola ijijibie. Nitaeleza kwanza VHF ni nini na inagawanywa vipi, kisha nifuate historia ya mgawanyo huo hadi Geneva, halafu nitazame Kampala na Kigali, na mwisho nigusie suala la lugha, ambalo linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya mahali ninapotoka. Mimi ni mzaliwa wa Kisoro, wilaya ya Uganda inayopakana na Rwanda na Kongo. Kwetu mtu akizungusha kitufe cha redio husikia nchi tatu kabla hajafika mwisho wa bendi. Mpaka tunaouvuka kwa vitambulisho, mawimbi huuvuka bila kuulizwa.

VHF ni nini na inagawanywa vipi

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Kiswahili kinatumia neno "masafa" kwa maana mbili: umbali kati ya mahali na mahali, na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde moja. Maana hizi mbili huwachanganya wengi, hasa tunaposema redio ya "masafa mafupi", ambayo ndiyo husafiri mbali kuliko zote. Katika insha hii nitatumia "masafa" kwa maana ya mitetemo tu. Umbali nitauita umbali.

VHF ni mawimbi ya redio yenye masafa kati ya megahezi 30 na megahezi 300. Urefu wa wimbi moja ni kati ya mita 10 na mita 1. Tabia yake kuu ni kwamba husafiri karibu kama mwanga: hunyooka. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakarudishwa chini, na hivyo kusikika bara jingine. Mawimbi ya VHF kwa kawaida hayarudishwi; yakipita upeo wa macho huendelea angani na kupotea. Kwa hiyo urefu wa mnara una uzito kuliko kitu kingine chochote. Antena iliyo mita 100 juu ya nchi tambarare huona upeo wa redio ulio umbali wa kilomita 41 hivi. Ikiinuliwa hadi mita 400, upeo husogea hadi kilomita 82 hivi. Katika nchi za milima kama Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda, anayepanda kilele kinachofaa ameshika bonde zima, na anayekaa nyuma ya mlima hasikii kitu.

Tabia hii ina faida yake. Kwa kuwa wimbi haliendi mbali, nambari ileile inaweza kutumiwa tena katika mji mwingine ulio mbali vya kutosha. Hapo ndipo ugawaji unapowezekana, na hapo ndipo unapohitajika, kwani vituo viwili vikitumia nambari moja karibu karibu msikilizaji hapati hata kimoja.

VHF haina redio peke yake. Katika sehemu yetu ya dunia, bendi ya kuanzia 87.5 hadi megahezi 108 ni ya matangazo ya FM. Inayofuata, kutoka 108 hadi karibu 118, ni ya vifaa vinavyoiongoza ndege njiani na wakati wa kutua. Kuanzia 118 hadi 137 marubani huzungumza na waongoza ndege, na 121.5 imetengwa kwa dharura. Kati ya 144 na 146 wamo wapenzi wa redio wanaowasiliana kwa kujifurahisha na kujifunza. Vyombo vya majini vina nafasi zao kuanzia 156, na wito wa hatari hutolewa kwenye chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8. Juu zaidi, kuanzia 174, ilikuwa televisheni. Mpangilio huu unaonyesha kwa nini mgawanyo si anasa. Mtambo wa FM ulioharibika au uliofungwa bila utaalamu unaweza kumwaga mawimbi yake juu ya 108 na kumfikia rubani anayeshuka katika ukungu. Mtangazaji hatajua, rubani atajua.

Ugawaji wenyewe hufanyika kwa ngazi tatu, na ni muhimu kuzitofautisha. Ngazi ya kwanza ni kutenga bendi kwa huduma: hii ya redio, hii ya ndege, hii ya meli. Hilo hufanywa na mataifa yote pamoja. Ngazi ya pili ni kugawia nchi nafasi ndani ya bendi. Hilo hufanywa na mataifa ya eneo moja. Ngazi ya tatu ni kumpangia mtu au kampuni nambari fulani, katika mji fulani, kwa nguvu fulani ya mtambo. Hilo hufanywa na serikali ya nchi peke yake. Ngazi mbili za kwanza zina mikutano, ramani na wataalamu. Ya tatu ndiyo yenye siasa.

Kutoka Berlin hadi Geneva

Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa redio ulitiwa saini Berlin mwaka 1906, wakati redio ilikuwa bado ni telegrafu ya meli. Mwaka 1927, huko Washington, mataifa yaliafikiana juu ya jedwali la kutengea kila huduma bendi yake. Lakini mkutano uliopanga dunia tunayoijua ulifanyika Atlantic City, Marekani, mwaka 1947. Hapo dunia iligawanywa katika maeneo matatu, na Afrika ikawekwa katika Eneo la 1 pamoja na Ulaya. Ikaundwa pia bodi ya kimataifa ya kuandikisha masafa, na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) ukafungamanishwa na Umoja wa Mataifa.

Ni vyema kuuliza nani alikuwa mezani. Waganda hawakuwepo, wala Wanyarwanda. Uganda ilisemewa na Waingereza, na Ruanda-Urundi ikahesabiwa pamoja na Kongo ya Ubelgiji. Siandiki hivi ili kulalamika tu, kwani mgawanyo wa mwaka huo ulikuwa wa lazima na mwingi wake ulikuwa wa busara. Naandika kwa sababu tangu mwanzo kanuni hizi zilimtambua mwenye dola kuwa ndiye mwenye masafa. Mwananchi hakuwa na jina katika jedwali.

FM yenyewe ilikuwa imekwisha kuonja nguvu ya jedwali. Mvumbuzi wake, Mmarekani Edwin Armstrong, alipata hataza zake mwaka 1933, na vituo vya kwanza vya FM nchini mwake vilitumia bendi ya megahezi 42 hadi 50. Mwaka 1945 tume ya mawasiliano ya Marekani iliamua kuihamishia FM kwenye bendi ya 88 hadi 108. Redio za mamia ya maelfu ya watu zikawa hazifai kitu, kwa kuwa kituo kilichosikika jana hakikuwepo tena mahali pake. Sauti bora haikuwasaidia. Waliohamishwa nambari walihamishwa wasikilizaji. Armstrong alitumia miaka yake iliyobaki mahakamani akipigania hataza zake, akafa mwaka 1954. Funzo la kisa hiki ni kwamba anayepanga nambari anaweza kuua kituo bila kukigusa.

Katika Eneo la 1, sehemu ya juu ya bendi, kati ya 100 na 108, haikuwa ya redio kikamilifu hadi mkutano mkuu wa Geneva wa mwaka 1979 ulipoitenga kwa matangazo. Sasa palihitajika mpango mpya. Mkutano wa kuuandaa ulikaa kwa vikao viwili, 1982 na 1984, na mkataba ukatiwa saini Geneva mwezi Desemba 1984. Ulianza kutumika Julai 1987. Uganda na Rwanda zote zimo ndani ya eneo la mpango huo.

Mpango wa Geneva uliikata bendi katika hatua za kilohezi 100, hivyo zikapatikana nafasi zipatazo 200 kutoka mwanzo wa bendi hadi mwisho. Haina maana kwamba mji mmoja unaweza kuwa na vituo 200. Vituo vinavyorusha kutoka mji mmoja vinahitaji kuachana kwa kilohezi 400 hivi ili redio ya kawaida iweze kuvitenganisha, na kwa hesabu hiyo mji mmoja hauwezi kubeba zaidi ya vituo 50 hivi, hata kabla ya kuwahesabu majirani. Kila nafasi katika mpango iliandikwa na mahali pake, urefu wa antena na nguvu ya mtambo. Nchi ikitaka kubadili, yapaswa ikubaliane kwanza na jirani anayeweza kuathirika.

Naupenda mpango huu kama mtu anavyopenda ramani nzuri ya viwanja. Kila kiwanja kina mipaka, na hakuna anayejenga uani kwa mwenzake. Vingi vya vituo vilivyoandikiwa nafasi vilikuwa bado havijajengwa. Nchi zilikuwa zinajiwekea akiba ya kesho. Lakini mwaka 1984 si Uganda wala Rwanda iliyokuwa na kituo cha redio cha mtu binafsi. Ramani ya viwanja ilikamilika wakati mkazi alikuwa mmoja tu, serikali. Hakuna aliyeulizwa itakuwaje wakazi wakiwa wengi.

Kampala: viwanja kabla ya sheria

Redio nchini Uganda ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1954, na kwa karibu miaka 40 ilibaki mali ya dola. Aliyetaka nchi alikimbilia kwanza studio. Januari 1971 Waganda walijua kwamba Milton Obote amepinduliwa pale askari aliposoma redioni sababu 18 za jeshi kumwondoa. Katika mazingira hayo kituo cha redio kilikuwa kama ghala la silaha, na hakuna serikali inayogawa funguo za ghala lake.

Desemba 1993 funguo zikaanza kugawiwa. Radio Sanyu ilipewa 88.2 na Capital Radio 91.3. Mwaka 1996 ikaja CBS, redio ya ufalme wa Buganda, kwenye 88.8 na baadaye 89.2. Katika muda mfupi watu wa Kampala walizijua nambari hizi kama wanavyojua nambari za simu za ndugu zao. Vituo vikaenea hadi miji ya mbali, na leo nchi ina vituo vya FM zaidi ya 200.

Tazama mpangilio wa tarehe. Vituo vya kwanza vilianza 1993. Sheria ya vyombo vya habari vya kielektroniki, iliyounda Baraza la Utangazaji, ilipitishwa 1996. Sheria ya mawasiliano, iliyounda tume ya kusimamia masafa yenyewe, UCC, ilikuja 1997. Yaani viwanja viligawiwa kabla ya kuwepo ofisi ya ardhi. Waliokuwa na mtaji na ujuzi mapema walipata nambari nzuri za mji mkuu, na waliokuja nyuma walikuta bendi ya Kampala imekaribia kujaa. Hata baada ya sheria, kwa miaka mingi kazi iligawanyika: tume ilishughulikia masafa na baraza likashughulikia yanayosemwa. Zilikuja kuunganishwa na sheria ya mwaka 2013.

Hata hivyo, kilichoota katika viwanja hivyo kilikuwa kipya. Kuanzia mwaka 2000 Radio One ilirusha mjadala wa hadhara kutoka kwenye baa moja jijini Kampala, ambapo mtu yeyote aliweza kujiandikisha na kupewa kipaza sauti. Uliitwa "Ekimeeza", yaani meza kubwa. Na mwanafunzi wa Kiswahili ataona mara moja kwamba Kiganda kilichukua neno letu "meza" na kulikuza. Vituo vingine viliiga, na wingi wake, "ebimeeza", ukawa jina la mtindo mzima wa siasa. Muuza duka alimjibu waziri, na jirani yake akamsikia. VHF haikwenda mbali, lakini ilikwenda karibu vizuri.

Kigali: wimbi lililolindwa

Ukaribu huohuo ndio uliotumiwa Kigali. RTLM ilianzishwa kama kampuni Aprili 1993 na kuingia hewani tarehe 8 Julai, wiki chache kabla ya Mkataba wa Amani wa Arusha kutiwa saini Agosti 4. Mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara Félicien Kabuga. Miongoni mwa waasisi alikuwamo Ferdinand Nahimana, mwanahistoria wa chuo kikuu aliyewahi kuongoza idara ya habari ya serikali. Kilianza na mtambo wa Kigali kwenye 106, kisha kikapata mwingine kwenye Mlima Muhe, kaskazini-magharibi mwa nchi, kwenye 94. Mwenye kuelewa VHF ataelewa kilele kile kilikuwa na maana gani.

Sauti ya RTLM haikufanana na ya redio ya taifa. Watangazaji walitania, walipiga muziki uliopendwa na vijana, waliwapa wasikilizaji nafasi, walizungumza Kinyarwanda cha mtaani. Kwa sura ya nje ilikuwa redio ileile ya FM ambayo Kampala ingeifurahia miezi mitano baadaye. Ndani ya sura hiyo ilipanda chuki dhidi ya Watutsi. Baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kudunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuanza, ilitaja watu kwa majina na mahali walipo. Redio ya masafa mafupi isingeweza kufanya hivyo. Msikilizaji wa bara jingine hamjui mtu wa mtaa fulani wa Kigali. Ubaya wa RTLM ulikuwa wa kijirani: ilisema na mtu juu ya jirani yake, akiwa na panga mkononi. Katika siku 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, na serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya milioni moja.

Je, wimbi hilo lingeweza kuzimwa? Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alitaka linyamazishwe, lakini hakuwa na vifaa. Marekani ilikuwa navyo. Tarehe 5 Mei 1994 Frank Wisner wa wizara ya ulinzi ya Marekani aliandika waraka kwa ikulu ya nchi yake akieleza kwamba kuvuruga matangazo ni njia ghali na isiyofaa. Ndege ya kufanya kazi hiyo ingegharimu takriban dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka. Sababu ya kuhitaji ndege ni ileile ya upeo wa macho: mawimbi ya VHF huvurugwa na aliye karibu tu, au aliye juu. Wanasheria nao walitaja mikataba ya kimataifa ya utangazaji na uhuru wa kusema.

Hapa ndipo historia ya masafa inapouma. Katiba ya ITU inazitaka nchi zisivuruge mawasiliano ya redio ya nchi nyingine. Ni kanuni njema, na bila hiyo bendi nzima ingekuwa vurugu. Katiba hiyo inaipa pia nchi haki ya kukata mawasiliano ya mtu binafsi yanayohatarisha usalama wake au kukiuka sheria na maadili. Kwa hiyo palikuwa na mlango wa kisheria wa kuizima RTLM, ila ufunguo ulikuwa mikononi mwa serikali ya Rwanda, na serikali hiyo ndiyo iliyokuwa ikiua. Mpango ulichukulia kwamba dola ni mlinzi. Haukuwa na ukurasa kwa siku ambayo mlinzi mwenyewe ndiye mwizi.

RTLM haikuzimwa na sheria. Iliondolewa Kigali na vita mwanzoni mwa Julai, ikakimbilia upande wa Gisenyi na mtambo wa kuhamishika kabla ya kunyamaza kabisa. Hukumu ilikuja baadaye. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza pamoja na mwenye gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliwapunguzia adhabu lakini haikuwaachia huru. Kabuga alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020. Na nchini Rwanda bendi ilibaki bila redio ya binafsi kwa miaka kumi: vituo vya kwanza vilifunguliwa tena mwaka 2004, baada ya kuundwa kwa mamlaka ya udhibiti, RURA, na kupitishwa kwa sheria mpya ya habari. Safari hii ofisi ya ardhi ilitangulia viwanja.

Ufunguo uleule: Kampala, 2009

Mtu anaweza kusema kwamba funzo la Rwanda ni rahisi: dola iwe tayari kuzima. Mambo ya Kampala mwaka 2009 yananizuia kukubali haraka. Septemba mwaka huo serikali ilimzuia Kabaka wa Buganda kwenda Kayunga. Ghasia zikatokea Kampala na kwingineko, na watu wakauawa. Tarehe 10 Septemba CBS ilizimwa kwa kudaiwa kuchochea, na vituo vingine vitatu vikafungiwa: Suubi FM, Radio Sapientia na Akaboozi ku Bbiri. Ebimeeza ilipigwa marufuku. CBS ilirudi hewani tarehe 23 Oktoba 2010, baada ya zaidi ya mwaka mzima.

Kila redio inapofungwa katika eneo letu, jina la RTLM halikosi kutajwa. Lakini kutaja si kuthibitisha. RTLM ilikuwa chombo cha wenye nguvu. Ililindwa na waliokuwa na mamlaka ya kuizima. CBS ilikuwa sauti ya upande uliokuwa ukigombana na wenye mamlaka hayo. Dola ileile ambayo Kigali ilinyamaza ilipotakiwa kuzima, Kampala ilizima kabla mahakama haijasikiliza. Simaanishi kwamba yaliyosemwa hewani siku zile yote yalikuwa mema. Namaanisha kwamba katika visa vyote viwili aliyeamua alikuwa mmoja wa wagomvi. Mtaalamu wa masafa hawezi kurekebisha kasoro hiyo kwa kupima nguvu ya mtambo.

Masafa na lugha

Kuna athari nyingine ya VHF ambayo haikumwaga damu lakini inatuhusu. Enzi ya masafa mafupi na ya kati ilikuwa enzi ya lugha pana. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, na ile ya Deutsche Welle, iliyoanza 1963, zilimfikia msikilizaji wa Mombasa, Bujumbura na Bukavu kwa wimbi moja, kwa hiyo zilihitaji lugha moja. FM iligeuza hesabu hiyo. Kituo kinachofika kilomita 60 kinapata faida kwa kusema lugha ya watu wa kilomita 60 hizo. Nchini Uganda bendi ilijaa Kiganda, Kinyankole, Kiluo na lugha nyingine ambazo redio ya taifa ilizipa saa chache tu. Naifurahia hali hiyo, maana mama yangu husikiliza habari za bei ya viazi kwa Kifumbira na kuzielewa zote. Kiswahili, ambacho kilitambuliwa katika katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kilipata nafasi finyu katika bendi hiyo. Hakikufukuzwa na mtu. Kilifupishiwa uwanja na umbile la wimbi.

Kwamba jambo hili si lazima liwe hivyo, Kongo inaonyesha. Tarehe 25 Februari 2002 Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle walizindua Radio Okapi. Inatumia mitambo mingi ya FM katika miji mbalimbali, iliyounganishwa ili kurusha matangazo ya pamoja, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake tano. Miaka minane baada ya jumuiya ya kimataifa kushindwa kuizima redio moja ya VHF Rwanda, iliamua kuweka yake nchi jirani. Huenda huko ndiko kujibu kulikokuwa bora: kuongeza sauti ya pili pale ambapo ilikuwepo moja.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba mgawanyo wa VHF ni kazi ya pamoja iliyofanikiwa katika lengo lake. Ndege zinatua, vyombo vya majini vina chaneli ya kuomba msaada, na Kisoro tunasikia nchi tatu bila moja kuifunika nyingine. Lakini ngazi ya tatu ya ugawaji, ile ya kumpangia mtu nambari na kumnyang'anya, iliachwa kwa dola peke yake, na mwaka 1993 dola mbili jirani ziliifungua kabla ya kuweka utaratibu. Moja ilibahatika. Nyingine haikubahatika.

Kwa maoni yangu masafa ni mali ya umma kama ilivyo ardhi ya kijiji: mzee wa kijiji huigawa, lakini si yake. Anayeomba nambari ajulikane ni nani na fedha zake zinatoka wapi. Anayenyimwa aelezwe sababu. Anayezimwa asikilizwe na mahakama katika siku chache, si baada ya mwaka. Na ofisi inayoshika ufunguo isiwe chini ya mmoja wa wagombanao. Bendi ya Kampala imekwisha kujaa, na ya miji mingine inaelekea huko. Watakaokosa nambari watakuwa wengi kuliko watakaopata, na ndiyo maana swali la nani mwenye masafa lapaswa kujibiwa na raia sasa, wakati hakuna anayekimbia.